Kiraka cha Njano

Kondoo aliyenyeshewa ana harufu ambayo huwezi kuichanganya na nyingine. Ina mafuta, ina uchachu kidogo, na ukikaa nayo kwa muda inakuwa karibu kama harufu ya mtu. Mara ya mwisho niliisikia mahali ambapo hapakuwa na kondoo hata mmoja, ndani ya ukumbi, mbele ya watu watatu waliokuwa wananihoji ili waamue kama nafaa kufundisha shule yao.

Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki mbili. Niliandika maswali ishirini na majibu yake. Nilifikiria hata bahasha ya vyeti niishike kwa mkono gani, maana wa kulia ningeuhitaji kwa kusalimia. Jambo ambalo sikulifikiria ni ukuta. Mkuu wa shule, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliponiambia, "Haya mwalimu, tueleze kwa kifupi wewe ni nani," mvua ilikuwa imepata upenyo kwenye paa na maji yalikuwa yanashuka taratibu juu ya zulia kuukuu lililoning'inizwa nyuma ya kichwa chake. Ndipo harufu ikanifikia, nikalitazama lile zulia.

Nilijua kwamba ukumbi ule zamani ulikuwa nyumba ya wageni ya shamba la ngano, kwa hiyo kuona dirisha pana na sakafu nyekundu hakukunishtua. Zulia nilidhani lilishaoza miaka mingi iliyopita. Kipande chake kimoja, kikubwa kama kiganja cha mtu mzima, nilikifuma mimi nikiwa darasa la tatu. Nilikifuma kwa wizi.

Wenzangu mliokulia kwenye kambi za mashamba ya ngano mtakumbuka: nyumba za matofali zenye namba milangoni, king'ora cha karakana ambacho mama zetu walipikia makande kwa saa yake, vumbi jeusi lililoingia hadi ndani ya soksi. Mtakumbuka tulivyotafuna ngano mbichi mpaka ikawa kama bigijii, na atakayeimeza kwanza ndiye ameshindwa. Mlima Hanang ulikuwa pale kila asubuhi, nusu yake ndani ya wingu, nasi hatukuwa na habari nao.

Baba alikuwa dereva wa trekta la kulimia. Ametoka Tumati, kule juu Mbulu, ambako shamba la mtu ni dogo kiasi kwamba ukikohoa jirani anakupa pole. Aliposhuka uwandani akapewa kipande cha kulima ambacho mwisho wake ni pale mbingu inapoanza. Kila dereva alikuwa na kipande chake. Cha Baba kilikuwa cha saba, na Jumamosi nyingine alinipakia, nikakaa juu ya bawa la tairi nimeshika chuma kwa mikono miwili.

Katikati ya kipande cha saba palikuwa na mwinuko wenye nyasi, mviringo, usiozidi kimo cha mtu. Mwanzoni nilidhani ni kichuguu. Baba alipoukaribia aliinua plau, akakata kona pana, akauzunguka, kisha akashusha plau upande wa pili na kuendelea kama vile mstari haukukatika. Nikamwuliza mbona amepaacha.

"Pana mwenyewe," alisema.

Siku nyingine alinieleza zaidi, tumekaa kivulini mwa trekta tunakunywa maziwa ya mgando. Alisema pale amezikwa mzee wa Kibarabaig, aliyezikwa kwa heshima kubwa kabla shamba halijafika, na kaburi la namna hiyo wenyewe wanaliita bung'eda. Ng'ombe wao walihamishwa, nyumba zao zikahamishwa, lakini huyo hakuweza kuhamishwa. Mwaka wa kwanza Baba alipokwenda kulima hapo alimkuta bibi mmoja amesimama. Hawakuelewana lugha. Yule bibi aliinama, akang'oa nyasi mbichi kwa mikono yote miwili, akaziweka chini mbele ya tairi la mbele, akasogea pembeni. Basi.

"Angenitukana ningepita," Baba alisema. "Babu zetu na babu zake walichomana mikuki. Lakini majani?"

Hakuhitaji kumalizia. Hata sisi watu wa Mbulu, mtu akikuwekea majani mabichi mbele yako amekuomba, amekunyenyekea, na mtu mwenye akili hayakanyagi. Shida ilikuwa kwamba fomani, msimamizi wa madereva, alishatangaza kuwa mistari iwe minyoofu, na dereva atakayeacha kisiwa kisicholimwa atafute kazi kwingine. Kwa hiyo Baba akanitazama, akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo.

"Hili tunaliona, hatulisemi. Umesikia, Fausta?"

Nilisikia. Mtoto mwingine angesahau kabla ya chakula cha jioni. Mimi nilianza siku hiyohiyo kupima kwa macho ni watu wangapi wanaweza kuuona ule mwinuko kutoka barabarani, na kama lori lina urefu wa kutosha, na kama ngano ikirefuka utafichika au utaonekana zaidi. Niliota tumefukuzwa, vyombo vyetu viko nje. Usiku nilimsikiliza Baba akikoroma nikashangaa anawezaje.

Wakati huo ndipo zulia likaanza. Pale shambani alikuwepo mtunza stoo ya vipuri aitwaye Bwana Hiza, mtu wa milima ya Lushoto, mwembamba, mwenye vidole virefu kama vya mwanamke. Serikali ilimpeleka ng'ambo kusomea ufumaji ili aje kufanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi. Akarudi, kiwanda kikawa hakijajengwa, akapangiwa kugawa feni belti na filta za dizeli. Wanaume wa karakana walimtania kwamba amesomea kazi ya shangazi zao. Alicheka pamoja nao. Meneja alipomaliza kujenga nyumba ya wageni, akakumbuka kwamba stoo kuna mtu wa nyuzi, akamwagiza atengeneze kitu kikubwa cha ukutani, cha kupokelea wageni wakubwa waliokuwa wanatarajiwa baada ya mavuno.

Bwana Hiza aliunda mtambo wa kufumia kwa mabomba ya maji, akachomelewa karakana, ukasimama stoo nyuma ya rafu za matairi. Sufu ilinunuliwa vijijini, ya kondoo weupe, weusi na wa rangi ya udongo, ikaja na mbigili na mavi na ile harufu. Akatafuta wanawake wanne wa kusokota. Mama alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Alikaa kwenye gunia, mguu mmoja ameunyoosha, kijiti cha kusokotea kinazunguka hewani kama kina uhai wake. Nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kuviringisha mabonge ya uzi.

Rangi walizipika kwenye sufuria za kantini. Kuhusu njano Mama na Bwana Hiza hawakuelewana. Yeye alitaka njano ya maganda ya vitunguu, kwa sababu ilitoka ikiwaka kama ngano saa tisa alasiri. Mama akamwambia kwa adabu kwamba kitunguu hakikai, jua litakilamba. Alimchemshia kishada kimoja cha uzi kwa mzizi ambao bibi yangu wa Tumati aliutumia kutia rangi nyuzi za vikapu, mzizi unaochimbwa kwa jembe dogo na kukaa majini siku tatu. Bwana Hiza akaviweka vishada viwili pamoja dirishani, akasema cha mzizi kimepooza. Mimi sikuona tofauti. Mama akakitia kishada chake mfukoni mwa sweta na kuendelea kusokota, na hakulirudia jambo hilo.

Nilichoshindwa kuelewa ni kile kinachofumwa. Nilitazamia trekta. Nilitazamia hata kondoo. Kikatokea bamba refu la njano, kisha jeusi kama udongo uliolimwa, kisha mistari ya kahawia inayopinda bila sababu. Siku moja nikajipa moyo.

"Shikamoo Bwana Hiza. Hii ni nini?"

"Marahaba. Si kitu."

"Si kitu?"

"Ni rangi tu, Fausta. Rangi zimekaa pamoja."

Alisema kwa upole kabisa, mimi nikaona ananificha. Mtu mzima hawezi kukaa miezi kwenye kiti, wanawake wanne wanamsokotea, ili atengeneze kitu ambacho si kitu. Nikarudi kwenye mabonge yangu nikaanza kuchunguza. Na mtu ukichunguza kitu ambacho si kitu, kila siku unapata ushahidi mpya.

Ndipo jioni moja, katikati ya bamba la njano, akaanza kuingiza uzi mweusi. Siku ya kwanza ulikuwa mstari. Siku ya pili ukavimba. Siku ya tatu ulikuwa mviringo, mweusi, peke yake katika njano yote ile. Ile njano ilikuwa kipande cha saba. Mistari ya kahawia ilikuwa barabara za trekta. Na nilikumbuka kwamba wiki mbili nyuma Bwana Hiza alimwomba Baba ampakie, eti akatazame rangi za shamba. Alitazama, na sasa alikuwa anaandika. Siri ya Baba ingening'inizwa ukutani mbele ya Meneja na wageni wakubwa.

Ningemwuliza Baba yote yangekwisha. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko mnavyoweza kuamini. Lakini aliniambia hatulisemi, na mimi nilichukua kwamba hata yeye nisimwambie.

Jumapili nikaumwa tumbo. Kila mtu alikwenda misa, nami nikaenda stoo, ambako mlango wa nyuma ulifungwa kwa waya tu. Kufumua ni kazi ngumu kuliko nilivyofikiri. Bwana Hiza alishindilia kila mstari kwa kitana cha mbao mpaka nyuzi zikashikana kama zimeota pamoja, na ilibidi nitumie jino la uma kuzing'oa moja moja. Chini yake ikabaki mitande mitupu, zile nyuzi ngumu za kusimama, kama mbavu. Niliogopa kuziona. Nyuma ya rafu kilikuwepo kikapu cha Mama, na ndani yake kile kishada cha mzizi. Nikaanza kujaza: juu, chini, juu, chini, kama nilivyoona ikifanywa, nashindilia kwa uma. Vidole viliniuma. Nilisikia watu wanatoka kanisani wakiimba njiani na bado kona moja ilikuwa wazi. Nilipomaliza, mahali pale pakawa pa njano. Palivimba kidogo, kama mahali mbu alipouma, lakini pa njano. Sufu nyeusi nikaijaza ndani ya sweta langu, na kwa wiki nzima nilinuka kondoo.

Jumatatu nilikaa kwenye mabonge yangu bila kupumua. Bwana Hiza alivua koti, akakaa, akainua kitana, akakishusha. Alipapasa kile kiraka kwa kidole gumba. Kisha akamtazama Mama, kwa sababu uzi ule ulikuwa wake peke yake. Mama akaja, akapapasa naye. Halafu akanitazama mimi.

Mama alirudi kwenye gunia lake. Bwana Hiza akauliza kama kuna uzi wa kahawia tayari. Nyumbani nilingoja fimbo, fimbo haikuja. Mama alinipa chakula, akanipunguzia mchuzi au nilidhani amenipunguzia, akazima koroboi. Sijui kama kuna adhabu inayomfaa zaidi mtoto wa aina yangu. Ningechapwa ningelia nikalala. Badala yake nilikuwa nasikiliza kila mlango unavyofungwa katika nyumba ile, natafuta hasira ndani yake.

Kwa hiyo nikafanya kile nilichojua watu hufanya. Alfajiri, kabla ya king'ora, niling'oa nyasi mbichi zenye umande kwa mikono yote miwili, nikaziweka mlangoni kwa Bwana Hiza, nikajificha nyuma ya pipa la maji. Alitoka na mswaki mdomoni. Akazitazama. Akachukua ufagio, akazifagia hadi kwenye jalala.

Nilirudia kesho yake, akafagia. Nikarudia tena siku ya tatu, nikachagua nyasi ndefu zaidi nikidhani za kwanza zilikuwa chache kwa kosa langu. Akafagia, na nikasikia anapiga mluzi. Mchana akamwambia Mama kwamba upepo wa huku ni wa ajabu, unaleta majani mlangoni kwake tu. Mama alicheka, akaniona, akaacha kucheka. Mimi nilishaelewa. Mtu anayefagia majani ya kuombwa msamaha amekataa kabisa, na siku Meneja atakapokuja, atasema yote.

Meneja akaja. Zulia lilikuwa limekatwa mtamboni asubuhi ile, na watu watatu warefu wakaitwa kulinyanyua, mmoja wao Baba. Hapo ndipo nilipopata mshtuko wa kwanza. Muda wote ule zulia lilikuwa limelala kiubavu. Ndivyo linavyofumwa, upande wake ukiwa chini, na mfumaji anakaa nyuma yake. Walipoligeuza na kulisimamisha, barabara zangu zikawa zinapanda juu kama moshi, kipande cha saba kikasimama wima, na kiraka changu kikahamia juu kushoto, hewani, mahali ambapo hakuna kaburi linaloweza kukaa. Kwa muda mfupi nilijiona mjinga na nikafurahi mno.

Meneja, mtu mnene aliyevaa suti ya safari, alirudi nyuma hatua tatu.

"Sasa Bwana Hiza. Ngano iko wapi?"

Watu wakacheka. Bwana Hiza akajibu kwamba ngano yenyewe haipo, ipo rangi yake. Fomani akasema yeye anaona kombaini, kwa nyuma. Mama mmoja wa kusokota akasema ni ng'ombe amelala. Meneja mwenyewe alianza kutabasamu, akasogea, akainua mkono na kuweka kidole pale pale.

"Na hapa? Mbona pamevimba?"

Naapa sikuamua kusema. Neno lilikuwa limekaa kooni wiki nzima, nalo likatoka kama kikohozi.

"Hapo hakuna kaburi."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye pipa nje. Meneja aligeuka polepole akanitafuta kati ya wanawake.

"Kaburi gani, mtoto?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameshika pembe ya zulia kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, hawezi hata kuvua kofia. Akamkabidhi mwenzake ile pembe, akavua kofia, akasogea mbele.

"Liko kipande cha saba, Meneja. Si hapa. Nalizunguka. Mtoto amelijua kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nipewe kipande."

Meneja akamgeukia fomani, na uso wake haukuwa na kicheko tena. "Wewe ulijua?"

Fomani, ambaye mimi nilimwogopa kuliko radi, alitazama viatu vyake. "Cha saba, Meneja. Na cha nne. Na moja liko kule bondeni. Yako matatu. Madereva wote wanazunguka."

"Na kwenye ripoti unaandika nini?"

"Mawe, Meneja."

"Mawe."

"Ndiyo, Meneja."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka ni muda gani ulipita. Meneja alikuwa mtu aliyetumwa, naye akisikia jambo mbele ya watu ni lazima alifanyie kazi. Sasa hivi naelewa, wakati ule sikuelewa. Nilichoona ni kwamba aligeuza tena uso kwenye zulia, akafunga vifungo vya koti ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

"Mimi nimeuliza habari ya zulia," alisema. "Lipelekwe ukumbini."

Njiani kurudi nyumbani Baba alitembea mbele, nami nyuma yake. Tulipofika mlangoni alisema neno moja tu, "Umesema," bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hakulirudia mpaka alipofariki.

Baada ya mwezi mmoja alihamishwa. Akapewa trekta la kuvuta tangi la maji, na kipande cha saba akapewa kijana mgeni aliyetoka mkoa mwingine, ambaye hakujua majani wala bung'eda. Na kabla ya msimu wa kulima tukafunga mizigo tukarudi Tumati. Mama amekuwa akisema mpaka leo kwamba tulirudi kwa sababu Bibi alikuwa hawezi tena kuchota maji. Nikimbana ananiambia, "Wewe unapenda kujitwisha visivyokuwa vyako." Huenda ni kweli. Lakini nimepita sekondari, nimepita chuo, nimekaa kwenye vyumba vya mitihani, na mara kwa mara namwona yule kijana mgeni anashusha plau, anakwenda mstari mnyoofu, nyasi zinapinduka, na udongo mweusi unafunika. Kwa sababu mimi nilisema.

Siku ya kuondoka Bwana Hiza alikuja kutuaga. Nilijipa moyo wa mwisho nikamwuliza lile jeusi lilikuwa nini hasa. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema, "Nilikuwa na sufu nyeusi nyingi kuliko nyeupe." Nikamwuliza kwa nini hakukifumua kiraka changu. Akasema mtande ukifumuliwa mara mbili unakatika. Kisha akachuchumaa mpaka uso wake ukawa usawa wa uso wangu.

"Yale majani, mama yako amenieleza maana yake. Nilikuwa nayafagia. Kwetu hatuna hiyo. Niwie radhi."

Sikujua mtoto anajibu nini mtu mzima akimwomba radhi. Nikasema marahaba. Mama alicheka hadi tulipopanda lori.

Haya yote yalinipitia kichwani ukumbini, maji yakishuka, na wale watu watatu wakisubiri niwaambie mimi ni nani. Mkuu wa shule aliona macho yangu yalipo, akageuka.

"Ah, hilo. Tumelikuta. Mwalimu, usijali mvua, tutaezeka. Watoto wanabishana kila siku pale juu pana nini. Wengine wanasema mwezi, wengine chapati."

Nikatazama vizuri. Jua la dirisha lile pana lilikuwa limefanya kazi yake mwaka baada ya mwaka. Njano ya vitunguu ilikuwa imekwenda zake, imebaki rangi ya majivu, kama mashina baada ya mavuno. Kiraka changu peke yake kilikuwa bado cha njano. Mzizi wa Mama haukusogea hata kidogo. Pale nilipoficha ndipo mahali pekee palipoonekana, mviringo, pamevimba, na mtu akiingia mlangoni hawezi kuona kitu kingine kwanza.

Nikauliza, kwa sauti ambayo nilitumaini ni ya kawaida, kama mashamba ya kule nyuma, upande wa kipande cha saba, bado yanalimwa. Mkuu akasema ndiyo, wamepewa watu mbalimbali, mwaka huu ngano, mwaka jana mahindi. Akanyanyuka na kunionesha dirishani, kwa fahari ya mwenyeji. Mvua ilikuwa imepungua. Shamba lilikuwa limelimwa karibuni, jeusi, mistari yake imenyooka hadi mbali, halafu mahali fulani mistari yote ikapinda, ikazunguka kitu cha kijani, ikakutana tena upande wa pili.

"Pale mbona wamepaacha?" niliuliza.

"Sijui. Kila mwenye trekta anazunguka. Tuliwakuta wanazunguka." Akacheka kidogo. "Labda mawe."

Nilishika ukingo wa dirisha. Nilikuwa na maneno mengi sana, na kwa mara ya kwanza maishani yalikaa yalipo. Niliporudi kwenye kiti, mwalimu wa kike kati ya wale watatu aliniuliza kwa utani, kana kwamba ananisaidia nipumue, "Na wewe mwalimu, pale unaona nini? Mwezi au chapati?"

"Si kitu," nilisema. "Ni rangi tu."

Mkuu aliandika kitu kwenye karatasi yake. Siku zilizofuata nimejiuliza sana aliandika nini. Lakini pale sikujiuliza. Nilijibu maswali yao, nikaaga, na nilipofika uani niling'oa nyasi mbichi, zimelowa, mikono yote miwili. Nikarudi hadi kizingiti cha ukumbi na kuziweka pale, upande ulikokuwa mwinuko.

Mfagiaji alikuwa anakuja na ufagio wake wa chelewa. Nikamsalimia, nikampisha apite.